Kuokota vituko vya intaneti na kuwapelekea watu bila kuumbuka: mwongozo kamili

Mi nina saluni ya kusuka hapa Majengo, Moshi, na kama hujawahi kukaa saluni ya kusuka nikwambie tu kwamba mtu akija kusuka rasta zile ndogondogo anakaa kwenye kiti masaa matano mpaka sita, shingo imepinda, simu imeisha chaji na hana pa kukimbilia. Umbea wa mtaa mwisho wake saa nne asubuhi. Baada ya hapo kama huna kingine cha kuongea mteja anaanza kulalamika unamvuta nywele.

Hapo ndo nilipoanza hii kazi ya kutafuta vitu vya ajabu mtandaoni, nasoma usiku, asubuhi nawapelekea, na vile vinavyowachekesha kweli navirusha kwenye magrupu na stetasi. Mwaka wa sita huu. Nimeshaumbuka mara kadhaa, nyingine mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

Kwanza: pa kuokota

Watu wengi wanasubiri kitu kije chenyewe, wanaskroli TikTok mpaka usingizi unawachukua, alafu wanachokirusha asubuhi kila mtu ameshakiona. Ukitaka kitu ambacho grupu halijakiona inabidi uende kisipoenda kila mtu.

Mi naanzia Wikipedia. Kuna kile kibonyezo cha kukupeleka kwenye makala yoyote kwa bahati nasibu, nakibonyeza mara ishirini thelathini, mara nyingi unatupwa kwenye kijiji cha Poland chenye watu mia mbili, unarudi, unabonyeza tena. Wikipedia ya Kiingereza pia ina ukurasa mzima uliokusanya makala zao za ajabuajabu, huo ukiuingia saa tatu usiku utashangaa majogoo yanawika. Kule ndo nilikutana na ile habari ya Australia mwaka 1932, jeshi lilitumwa na bunduki za rasharasha kupambana na emu, wale ndege wakubwa wanaofanana na mbuni, kisa wanaharibu ngano za wakulima, na emu wakalishinda jeshi. Wanajeshi walirudi nyumbani, ndege wakabaki shambani.

Sehemu nyingine ni zawadi za Ig Nobel. Zinatolewa kila mwaka tangu 1991, zinakwenda kwa utafiti wa kweli kabisa lakini wa kuchekesha. Ukikosa cha kusema saluni nenda kule, hujawahi kukosa. Alafu kuna Internet Archive, wale walianza 1996 kuhifadhi kurasa za mtandao, kwa hiyo unaweza kuandika anwani ya tovuti unayoijua ukaiona ilivyokuwa miaka ishirini nyuma, na rangi zake zile za kuumiza macho. Na Google Maps kwa picha za satelaiti, hii watu wanaidharau sana, jaribu tu kutafuta nyumba ya bibi yako ukaone paa lake kutoka juu.

Na soma vile vimaandishi vidogo chini kabisa ya makala, pale wanapotaja habari imetoka wapi. Dhahabu inakaa kule. Ukishafika huko umewaacha mbali wale wote waliosoma kichwa cha habari wakafowadi.

Pili: iweke mahali

Hii fupi. WhatsApp inakuruhusu kujitumia meseji mwenyewe, mi nina hiyo chati yangu mwenyewe imejaa kama stoo. Ukipata kitu tuma linki, siyo skrinshoti peke yake, na andika neno moja la kukukumbusha kilichokuchekesha. Nina skrinshoti ya mbuzi amesimama juu ya trekta tangu 2021 mpaka leo sijui niliihifadhi kwa nini.

Tatu: ihakiki, na hapa ndo pa kukaa muda

Nilianza kwa kuumbuka, ngoja nisimulie. Niliona zile picha za viumbe waliogeuka mawe Ziwa Natron, mnazijua, popo na heroe, yaani flamingo, wamekauka wamekaa juu ya matawi, wa kijivu kama sanamu. Maelezo yake yalisema mnyama akigusa tu maji ya lile ziwa anageuka jiwe papo hapo. Na Natron ni hapa kwetu, mkoa wa Arusha. Nikairusha grupu la ukoo na emoji za kutosha, watu sitini mle ndani.

Zikapita dakika kumi. Baba mdogo, ambaye ameendesha magari ya watalii njia ile tangu sijaota meno, akatuma voisi noti. Akasema, "Mwanangu, mi nimelala Ngare Sero, pale karibu na ziwa, sijui mara ngapi, nimeingiza hii miguu yangu kwenye lile ziwa. Njoo uniguse uone kama nimekuwa jiwe." Ukoo mzima ukacheka. Wifi yangu mpaka leo akiniona ananigonga mkono anasikiliza kama nimekuwa jiwe.

Nikakasirika nikaenda kuchimba. Picha ni za kweli, zimepigwa na mpiga picha anaitwa Nick Brandt na zilitoka kwenye kitabu chake 2013. Ila wale viumbe aliwaokota ufukweni wameshakufa, wamekauka na chumvi za ziwa zimewaganda, akawapanga yeye mwenyewe juu ya matawi ili waonekane kama wako hai. Maji yake ni makali kweli, yana magadi mengi, pH inaweza kufika 10 na nusu, lakini hayageuzi mtu jiwe. Alafu sasa sikia hii, hilohilo ziwa la kuua ndo sehemu kuu ambayo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakwenda kuzaa watoto wao, maana fisi na mbweha hawathubutu kuvuka lile tope la magadi kufuata mayai. Yaani ziwa mlilolisema la mauti ndo wodi ya wazazi. Nikaituma hiyo kwenye grupu na baba mdogo akajibu "hapo sasa".

Tangu siku ile sirushi kitu kabla sijakipitisha sehemu hizi.

Picha naipitisha Google Lens au TinEye. Unaiweka picha, vinakuonyesha sehemu nyingine ilipowahi kutokea, na TinEye unaweza kupanga uone ya zamani kabisa waliyoipata. Picha ya "mafuriko ya leo asubuhi" ikionekana ilikuwepo miaka minane iliyopita Indonesia, bas, umemaliza kazi. Ukikuta picha haina mpiga, haina mahali, haina tarehe na inavutia kupita kiasi, mi naiacha, siku hizi hizo za kutengenezwa na kompyuta ni nyingi mno na kuhesabu vidole kama vimezidi hakusaidii tena.

Meseji naangalia mishale. WhatsApp ikiweka mishale miwili ujue imeshafowadiwa kupitia mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia, ndo maana pia haikuruhusu kuituma zaidi ya sehemu moja kwa wakati. Mishale miwili kwangu ina maana mbili, moja kwamba pengine ni uongo, nyingine kwamba hata kama ni kweli nimechelewa.

Tarehe. Hii peke yake inaua uongo mwingi. Mmesikia ile ya malkia Victoria kumpa mjukuu wake Kaiser Wilhelm mlima Kilimanjaro kama zawadi ya birthday, ndo maana mpaka wetu na Kenya umenyooka alafu ukifika mlimani unapinda? Mi nimeisikia kwa watu wenye digrii, nimeisikia kwenye mageti ya mlimani. Sasa angalia tarehe. Ule mstari ulichorwa kwenye makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, na Wilhelm amekuwa Kaiser 1888. Kwa hiyo Kaiser alipewa zawadi miaka miwili kabla hajawa Kaiser. Kilichotokea ni wakubwa wawili wamekaa mezani wamegawana ardhi ya watu bila kuwauliza, Kilimanjaro ikaangukia Wajerumani, Mombasa ikabaki upande wa Waingereza. Haina keki, haina mishumaa. Na tarehe nyingine ya kuangalia ni tarehe moja Aprili. Hata BBC wenyewe mwaka 1957 siku hiyo walionyesha kwenye televisheni wakulima wanachuma tambi mtini na kuna watu waliamini.

Kitu cha kupima, kipime. Juzi kati mteja wangu mmoja, dada wa Arusha kaja kwa ndugu zake, ananiambia Mnara wa Saa wa Arusha uko katikati kabisa ya Cape Town na Cairo. Sisi watu wa Moshi tukisikia Arusha wanajisifia damu inachemka, nikasema subiri. Fungua Google Maps, bonyeza pale mnarani ushikilie mpaka itokee pini nyekundu, vuta maelezo juu kuna sehemu ya kupima umbali, alafu sogeza ramani mpaka Cairo. Mstari ulionyooka ukasoma kama kilomita 3,760. Nikarudi nikasogeza mpaka Cape Town, ikasoma kama 3,890. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka kumbe tofauti ni kama kilomita 130 tu, yaani siyo katikati kabisa lakini kwa bara lote hili wamekosea kidogo sana, na tena hiyo ni kwa mstari wa kunguru, kwa barabara ni hesabu nyingine. Ikabidi nimpe heshima yake. Saluni nzima ilikuwa imeegemea simu yangu, hata yule niliyekuwa namsuka, nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama.

Nne: usiishie kitu cha kwanza

Wale vijana wa Mererani, wachimbaji wa tanzanite, wanasema mgodi ukitema usikimbie na jiwe la kwanza, endelea kupiga. Ninachokiamini mimi ni kwamba kile kinachofowadiwa ni ganda tu, utamu uko hatua moja mbele. Natron umeona. Ngoja nikupe mwingine ambao naupenda kuliko yote kwa sababu unaishia hapahapa kwetu.

Ganda lake ni hili: maji ya moto yanaweza kuganda haraka kuliko ya baridi, na wanasayansi duniani wanaita jambo hilo kwa jina la Mtanzania. Hapo tayari ni kituko kizuri, wengi wanakirusha hivyohivyo.

Ukipiga tena unakutana na Erasto Mpemba mwaka 1963, yuko kidato cha tatu Magamba sekondari, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndo unaweka kwenye friji. Nafasi za friji chache, watu wanagombania, yeye akaona akisubiri yapoe atakosa nafasi akayatia ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyatia ya baridi bila kuchemsha. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganya mambo. Hakuacha. Akawa anauliza mpaka wanamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Piga tena. Akiwa Mkwawa, Iringa, akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kutoa mhadhara, Mpemba akasimama akauliza swali lake lilelile mbele ya wenzake, wakamcheka. Osborne hakumcheka, alirudi Dar wakajaribu maabara. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la fizikia.

Sasa piga mara ya mwisho. Lile andiko lilipotoka Mpemba alikuwa anasoma wapi? Mweka, chuo cha wanyamapori, hapo juu tu, unapanda daladala unafika. Mimi nimepita Mweka maisha yangu yote sikujua. Na hata hivyo haijaisha, maana 2016 kuna watafiti Uingereza walirudia vipimo wakasema wao hawaoni kama jambo hilo lipo kweli, kwa hiyo wanabishana mpaka leo kwa ajili ya aiskrimu ya mtoto wa kidato cha tatu. Niambie kama hilo siyo tamu kuliko "maji ya moto yanaganda haraka".

Tano: iandike iingie

Hapa watu wanaharibu sana. Umepata kitu kizuri, umekihakiki, alafu unaandika "DUNIA INA MAMBO 😱😱😱 soma mpaka mwisho utashangaa". Mi nikiona hiyo siisomi. Sema kitu chenyewe kwenye sentensi ya kwanza, kwa Kiswahili cha kuongea, alafu nyamaza.

Mfano, kuna ule mnyama wa Australia anaitwa wombat. Vibaya ni kuandika "Wanasayansi wagundua siri ya ajabu ya mnyama huyu". Vizuri: "Kuna mnyama Australia anakunya dadu. Siyo utani, vipande vina pembe kabisa, utumbo wake sehemu nyingine unavutika sehemu nyingine umekaza ndo vinatoka hivyo, na waliochunguza walipewa Ig Nobel 2019." Ukiirusha hiyo hata mzee wa kanisa anajibu, tena yeye ndo anajibu wa kwanza.

Pili, geuza vipimo viwe vya huku. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vinahesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote, vilikwisha ndani ya dakika 38 hadi 45 hivi. Nikiandika hivyo watu wanasema haya. Nikaandika "vita vilianza vikaisha kabla daladala ya Himo haijajaa stendi", grupu likawaka moto, na mmoja akauliza kama Zanzibar walirudishiwa nauli.

Na acha kitu kimoja usikiseme. Hii nimejifunza kwenye kusuka, ukisema yote mteja analala. Kuna ile ya Cambridge, chuo kikuu, watu wa kompyuta mwaka 1991 waliweka kamera inatazama birika la kahawa, basi. Niliirusha hivyohivyo nikaenda kunywa chai. Nikirudi maswali kumi na tisa. Ndo nikawajibu kwamba walikuwa wamechoka kutembea mpaka chumba kile wakakuta birika tupu, na 1993 ile kamera ikaunganishwa mtandaoni dunia nzima ikawa inaangalia kahawa ya watu wengine mpaka 2001. Shoga yangu wa duka la jirani akasema tuweke na sisi kamera kwenye chupa yetu ya chai tujue nani anaimaliza. Tunamjua nani anaimaliza.

Sita: nani umpelekee, saa ngapi

Siyo kila kitu kila grupu. Grupu la kwaya usipeleke wombat asubuhi ya Jumapili, subiri Jumatatu. Grupu la kikoba usirushe chochote siku ya marejesho, watu wana hasira. Kitu bora kabisa mpe mtu mmoja kwanza, yule unayejua kitamgusa, mi ya Mpemba nilimpelekea kwanza mdogo wangu anayefundisha fizikia, yeye ndo akanipa maneno ya kuielezea.

Na fikiria bando la mtu. Video ya megabaiti arobaini kwa mtu aliyejiunga ya shilingi mia tano ni uchokozi. Tuma picha moja na maneno, weka linki kwa anayetaka. Na mama yangu anatumia kiswaswadu, hana WhatsApp, yeye nampigia jioni namsimulia, na kusema kweli ndo hadhira yangu bora maana anauliza maswali ambayo sikuyafikiria. Ya emu aliuliza, "Sasa wale wakulima ngano walivuna?" Ikabidi nirudi kusoma upya.

Kitu kingine, mtu aliyeanguka, mtu amelewa, binti analia, mgonjwa, hao siyo vituko. Mi sirushi, na saluni kwangu ukiionyesha video ya hivyo nakuomba uifunge. Wana ndugu zao, na Moshi ni ndogo. Na uongo wa makusudi ujue una sheria yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16, walipoitunga waliweka faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote, kwa anayesambaza taarifa anajua ni ya uongo ili apotoshe watu. Kwa hiyo ukishajua siyo kweli usijitetee kwamba unachekesha tu.

Saba: ukikosea

Utakosea. Ukigundua ndani ya muda mfupi futa kwa wote, lakini usifute ukakaa kimya kama mwizi wa kuku, andika palepale "ile niliyotuma siyo kweli, kweli ni hii". Usianze kubishana na aliyekukosoa, hasa akiwa mkubwa kwako. Sema shikamoo, sema asante, kachimbe. Mara nyingi aliyekukosoa ana kitu kizuri kuliko chako.

Kwa mfano baba mdogo. Wiki iliyopita kanitumia picha, mlima una moshi mkubwa wa majivu, rangi imepauka, na maneno "hebu ipitishe kwenye mashine zako kama ni kweli". Nikaona ni mtego, analipiza ya Natron. Nikaijua ni Ol Doinyo Lengai, nikakumbuka ulilipuka 2007, nikaenda kusoma nikakuta ule mlima huwa unatoa lava nyeusi yenye joto kama nusu tu ya lava za kawaida, inatiririka kama maji alafu ikipata unyevu inageuka nyeupe, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa kama hiyo. Nikafurahi, nimepata jiwe. Ila picha yenyewe nikaipitisha Lens, hakuna. TinEye, hakuna. Nikaikata pembeni nikajaribu tena, hakuna popote. Nikampigia.

"Shikamoo baba. Hii picha sijaiona sehemu yoyote, kwa hiyo siwezi kuirusha."

"Utaionaje na iko kwenye kabati langu? Nimeipiga mimi na kamera ya filamu, leo nimeipiga tena na simu. Angalia pembeni hapo, hicho ni kioo cha gari langu."

Nikaangalia. Ni kioo cha pembeni, kina ufa, na ndani yake kuna mzungu amekimbia ameacha kiatu kimoja. Nimemuomba ruhusa niirushe, amesema nije kwanza nimnyoe ndevu bure.